Barua Niliyomdai Mlezi

Ungemwambia Mlezi kwamba bweni linaungua, angekuuliza kwanza kama walioko ndani wamekunywa chai. Sisemi hivi kwa kumchafua. Nilimwona kwa macho yangu siku wanachuo walipovunja vioo vya jikoni. Bwana Shija, Makamu wa Mkuu wa Chuo, alikuwa anakimbilia ofisini kwake huku ameshikilia suruali isimdondoke, na Mlezi amesimama mlangoni mwa jiko anauliza kundi zima lenye mawe mkononi: "Jamani, mmekunywa chai?"

Wakasema hawajanywa.

"Basi wekeni mawe chini. Mtu hashiki kikombe na jiwe."

Wakaweka. Aliyekwenda kukoka moto kwa kuni mbichi, akachemsha chai ya watu zaidi ya mia, ni mimi. Na hakuna aliyeniuliza kama mimi nimekunywa.

Chuo kilikuwa cha ualimu, upande wa Kahama, si mbali na barabara ya Isaka. Cheo cha Mlezi kwa kirefu kilikuwa Mlezi wa Wanachuo. Malazi yao, maradhi yao, ugomvi, mimba, misiba, mipira, ngoma, vyote vilikuwa vyake. Jina lake nalijua ila silitaji, maana halikutumika. Hata mkewe alimwita Mlezi. Wengine nitawataja, kwa sababu walistahili kutajwa zamani na watu wakanyamaza.

Mimi niliajiriwa kama mfagiaji wa bweni la wasichana. Nilikuwa na darasa la nne la misheni ya Ushirombo, mapacha wawili, Kulwa na Doto, na mume aliyekwenda Geita kutafuta dhahabu akapata mke. Nilifagia mwaka mmoja. Baada ya hapo ufagio niliushika asubuhi tu, na siku yote iliyobaki nilifanya kazi ya Matroni, kwa kuwa Matroni wa mwisho alihamishwa bila kuletwa mwingine, na wasichana walikuwepo. Nilichotaka kwa miaka yote ile ni kimoja: kazi niliyokuwa naifanya iandikwe kwamba naifanya. Cheo kingekuja chenyewe.

Mwanzo wa mwaka tulikwenda stesheni ya Isaka kupokea wanachuo wapya. Mlezi alitutoa na lori la chuo alfajiri, na treni ya saa nne ikafika saa tisa, sisi tumekaa juani kama magunia ya pamba. Wakishuka, hakuwauliza jina wala walikotoka. Alimshika kila mmoja mkono akamwuliza: "Nyumbani umeacha nani mgonjwa?"

Watoto walishtuka. Wengine walilia pale pale, sanduku la bati bado kichwani.

"Mlezi," nikamwambia mwaka wa kwanza, "unawaliza watoto wa watu hata mizigo hawajatua."

"Mama Kulwa, aliyeacha mgonjwa nyumbani ndiye atakayetoroka. Nataka nimjue kabla hajaijua njia ya kurudi stesheni."

Na ilikuwa kweli. Kila mwaka waliotoroka walikuwa hao hao. Hapo ndipo aliponikera mtu yule, maana huwezi kumdharau ukamaliza. Lakini sikiliza alivyokuwa anafanya. Hakuandika chochote. Aligeuza shingo kidogo akasema, "Mama Kulwa, shika hiyo: huyu wa Kigoma, bibi, miguu imevimba. Yule wa Singida, kaka, pumu." Basi mimi kwenye lori, katikati ya vumbi, narudia miguu ya bibi na pumu ya kaka na kichaa cha mjomba mpaka tunafika. Daftari lilikuwa kichwa changu.

Katikati ya muhula angeingia bwaloni, akasimama nyuma ya msichana, akamwekea mkono begani. "Wewe wa Kigoma. Bibi miguu yake inaendeleaje?" Msichana machozi yanamtoka. Baba gani huyu, anakumbuka kila mtu! Dakika mbili kabla alikuwa mlango wa jikoni ananong'ona: "Mama Kulwa, yule mwenye gauni la bluu ni nani yake alikuwa anaumwa?"

Mwaka wa unga wa yanga alinishangaza zaidi. Unga ule wa njano ulikuja kwa magunia, na wanachuo wakasema ni chakula cha farasi. Walimu walikula kwao. Bwana Shija alikuwa na mpunga wake wa Busoka, alikula wali madirisha wazi ili harufu itoke. Mlezi akatangaza kwamba atakula yanga bwaloni na wanachuo mpaka unga mweupe urudi. Akala, muhula mzima, mchana na jioni. Watu walimsifu.

Mfukoni mwa koti alikuwa na dagaa wa Nkome, waliokaangwa na mkewe kwa pilipili, wamefungwa kwenye gazeti.

Nilimfuma. Hakuona haya. "Nagawa," akasema. Na kweli aligawa, ila kwa meza aliyokaa yeye tu. Ndiyo maana kila meza ilimpigania na kila mwanachuo alisema Mlezi ni mwenzetu. Nikamwuliza, "Na meza ambazo hukukaa?"

"Zinanisubiri. Mtu anayesubiri hagomi."

Huyo ndiye mtu niliyefanya naye kazi. Ukimpima kwa upande mmoja ni mjanja, ukimpima kwa mwingine ni mwema, na kila upande unakuachia wewe vyombo vya kuosha.

Kulikuwa na suala la ngoma. Kutoka wizarani ilikuja barua kwamba wanachuo washirikishwe zaidi katika shughuli za kujitegemea, maana shamba la chuo lilikuwa na magugu yanayofika kiunoni. Mlezi akakaa siku mbili anafikiri, akatoka na jambo lake. Atawagawa wanachuo pande mbili, Bagika na Bagalu, kama Wasukuma wanavyogawana kwenye ngoma, walime kwa kushindana, kila upande na manju wake, yaani kiongozi wa ngoma, na ngoma zake.

Wale wa Moshi na Tanga wakauliza, "Na sisi ni upande gani?" Wakapigiwa kura kwenye kofia.

Wiki ya kwanza shamba lilipendeza. Ila Mlezi alikuwa Msukuma kupita kiasi. Akasema mshindi atapatikana kwa desturi, yaani upande utakaovuta watu wengi wa kuutazama. Nikamwambia, "Mlezi, mtu wa kutazama hana jembe mkononi."

"Mama Kulwa, wewe ni Msumbwa, hujui mambo ya ngoma."

Wiki ya tatu hakuna aliyelima. Wote walikuwa vijijini wanakusanya watazamaji. Bagalu walikodisha kundi la wamama wa sokoni. Bagika wakaleta manju wa kweli, mzee mmoja mwenye kengele miguuni, na mzee akasema upande usio na dawa si upande, akachimba mahali pembeni ya bomba la maji akafukia kitu chake.

Siku ya pili msichana wa Bagalu, Salome, akaanguka darasani. Ilikuwa malaria ya kawaida kabisa. Lakini nani angesikia? Wasichana wa Bagalu wakakataa kulikaribia bomba. Hawaogi, hawafui, wanakunywa maji ya mvua ya kwenye mapipa yenye viluwiluwi. Hata wale wa Moshi waliokuwa wanacheka ngoma za kishamba, hawakukanyaga pale. Mlezi akaitisha kikao. Kikao kikazaa kamati. Kamati ikataka kumwita manju aje aondoe dawa, manju akasema bei ya kuiondoa ni ng'ombe.

Siku ya tatu ya kususia bomba nilichukua jembe.

Nilikwenda saa sita, wote wametoka darasani. Nikavua viatu. Manju mwenyewe alikuwepo, akanipigia kelele, "Mayu! Mama, utakauka mkono!"

"Ukikauka nitafagia na mwingine."

Nikachimba. Kilikuwa kibuyu kidogo chenye unga mweusi na manyoya. Nikakibeba mbele yao wote mpaka chooni, nikakitumbukiza, nikarudi nikafungua bomba nikanywa kwa kiganja mpaka tumbo likajaa. Woga nilikuwa nao, nisidanganye. Mimi ni Mkatoliki lakini nilizaliwa hapa hapa. Nikamshika Salome, ambaye alikuwa ameanza dawa zahanati na ameshaweza kusimama, nikamnawisha uso. Mmoja akaja na ndoo. Wakaja wawili. Jioni foleni ilikuwa inafika jikoni.

Mlezi alinipa mkono. "Mama Kulwa, umeokoa chuo." Na mwisho wa mwezi Eveta, mpiga chapa wa ofisi, alinisomea taarifa iliyokwenda juu: *Ofisi ya Mlezi ilichukua hatua za haraka na hali ikarejea kuwa shwari.*

Nikaenda nayo hadi mlangoni kwake. "Ofisi ya Mlezi ndiyo nani?"

"Ofisi ni mimi na wewe."

"Mbona wewe una meza?"

Akacheka. Alikuwa na kicheko kizuri, Mungu amsamehe. Siku hiyo ndipo alipoahidi barua kwa mara ya kwanza. Angeandika kwa Mkuu wa Chuo, aeleze kazi yangu yote, nipandishwe kuwa Matroni. "Tayari iko kichwani," akasema, akajigonga paji la uso. "Bado kuishusha tu."

Nisimseme kwa upande mmoja. Kulikuwa na msichana wa mwaka wa pili aliyepata mimba, na sheria ya chuo ilikuwa kumfukuza. Bwana Shija alileta karatasi, Mlezi akasaini bila hata kuvaa miwani. Nilimchukia. Saa hiyo hiyo akafunga kapu kwenye baiskeli akaenda Bukombe kwa baba wa msichana, siku mbili njiani, kumwomba asimpige mwanawe. Alirudi midomo imepasuka kwa jua, lakini msichana alipokewa, alilala ndani, alijifungua salama.

"Kama ulikuwa unamhurumia, kwa nini ulisaini?" nikamwuliza.

"Nilisaini kwa mkono, Mama Kulwa. Baiskeli naiendesha kwa miguu."

Nenda ukabishane na mtu wa namna hiyo.

Miaka saba niliisubiri barua. Muhula huu ana mitihani. Muhula ujao anasubiri Mkuu mpya azoee. Mara karatasi zimekwisha stoo, mara mpiga chapa ana uzazi. Na katika miaka hiyo saba hakuna siku aliyoacha kuniambia kwamba bila mimi bweni lile lingekuwa zizi. Maneno alikuwa nayo tele. Ni wino tu uliomshinda.

Halafu nafasi ya Matroni ikatangazwa rasmi, ikabandikwa ubaoni. Eveta alinivuta mkono twende tukasome. Anayetakiwa awe amemaliza darasa la saba, au awe na uzoefu uliothibitishwa kwa barua na Mlezi wa Wanachuo.

"Mama Kulwa, hapo wamekuandika wewe," Eveta akasema. "Mkuu kapaongeza mwenyewe kwa kalamu. Kimbia."

Nilikimbia kweli. Mlezi akaniambia, "Kesho asubuhi." Kesho asubuhi alikuwa kwenye lori la Mwanza, semina ya siku kumi. Tarehe ikapita yuko huko. Bwana Shija akampa nafasi shemeji yake, Konsolata, ambaye alikuwa na darasa la saba, kucha ndefu na woga wa panya. Konsolata hakujua hata funguo ya stoo ya magodoro inageukia wapi. Nani alimfundisha? Mlezi aliporudi alinikuta namfundisha. Akasimama kwenye korido, akatutazama, akasema, "Vizuri, vizuri, mnashirikiana," akaondoka.

Basi nawataja: Shija, kwa kula nafasi ya mtu. Konsolata, kwa kukubali, na kwa siku aliyoniambia mbele ya wasichana, "Wewe mfagiaji, nani kakuita kwenye kikao?" Na huyu wa tatu nisiyemtaja jina.

Ilipokuja amri ya kupunguza wafanyakazi, majina yalibandikwa pale pale ubaoni. Langu lilikuwa kwenye orodha ya wafagiaji. Nilipanga nguo zangu na za mapacha, nikaja Kahama. Nikapata kibanda sokoni Nyasubi, nikaanza kuuza mchele na maharage. Mlezi naye alistaafu baadaye akajenga huko huko Nyasubi. Mara nyingi nilimwona anapita na kikapu, nikainama nyuma ya magunia mpaka apotee.

Sasa nisikilizeni lililonitoa nyuma ya magunia. Nje ya mji ilifunguliwa sekondari ya wazazi, yenye bweni la wasichana. Walimu wawili wa pale walisoma chuo kile, wakanitaja. Mkuu wa shule akaja mwenyewe kibandani.

"Mama, nafasi ya Matroni ninayo, na mimi ninakutaka wewe. Lakini bodi inataka karatasi. Faili lako la chuo nimeliulizia, halionekani. Niletee barua ya mtu uliyefanya kazi chini yake. Bodi inakaa Ijumaa."

Ilikuwa Jumatano. Nilifunga kibanda, nikaenda.

Nilimkuta uani anatengeneza banda la kuku, amekonda, shati limekuwa kubwa.

"Shikamoo, Mlezi."

"Marahaba! Mama Kulwa! Mwanangu uliyepotea. Kulwa na Doto hawajambo?"

"Hawajambo. Kulwa ni utingo wa malori Isaka, Doto ameolewa Nkome. Nimekuja kuchukua barua yangu."

Akacheka. Aliponiona sicheki, akaacha. Nikamweleza habari ya sekondari, bodi na Ijumaa.

"Barua si kitu cha kukurupuka," akasema. "Kaa kwanza."

"Nimekaa miaka saba."

Mkewe akatoa sauti kutoka jikoni, "Mwandikie mama wa watu!"

Mlezi akaweka nyundo chini. Akawa anafuta mikono kwenye suruali, anafuta, anafuta, hata mikono ilipokuwa imeshakuwa safi. "Mama Kulwa, Matroni walikuwa wanahamishwa. Unakumbuka? Kila aliyepewa cheo kile, mwaka haumaliziki, wamempeleka Tabora, wamempeleka Bukoba."

"Nakumbuka."

"Mfagiaji hahamishwi."

Nilimtazama. Kuku mmoja alipanda juu ya banda lisilokwisha, akashuka. Nilikuwa nimempangia sababu nyingi kwa miaka yote ile: usahaulifu, uvivu, kumwogopa Shija, hata kwamba kalamu ilikuwa inamsumbua. Hii sikuwa nayo.

"Ile semina ya Mwanza," nikasema.

"Niliomba kwenda."

"Ulikwenda ili tarehe ipite."

"Ndiyo." Hakuinua macho. "Konsolata nilijua hatakaa, na hakukaa. Lakini wewe ukienda Tabora mimi ningebaki na nani? Ile kazi nilikuwa siijui, Mama Kulwa. Nilijua kuongea na watu, nilijua safari. Ya bwenini nani anaumwa, nani hali, nani anataka kujidhuru, yote ulikuwa unajua wewe. Walinipa cheti cha mlezi bora. Nilikipokea kwa mikono miwili, na ndani ya moyo najua ni cha nani."

Alikuwa anasema kama mtu anayenisifu. Nadhani alitegemea nifurahi. Nikatamani nilibomoe banda lile kwa mikono yangu, ubao kwa ubao. Lakini Ijumaa ilikuwa keshokutwa, na mikono yake ndiyo niliyoihitaji.

"Karatasi iko wapi?" nikauliza.

Mkewe ndiye aliyeleta, na kalamu, akapangusa meza, akabaki amesimama pale mikono kiunoni. Mlezi akaketi. Akaandika anwani, akaandika salamu, akaandika kwamba ananifahamu kwa muda mrefu kuwa mwanamke mwenye tabia njema.

"Kata hiyo," nikasema. "Tabia njema hata paka anayo. Andika uliyoniambia sasa hivi."

"Yapi?"

"Kwamba kazi ulikuwa huijui, na aliyekuwa anaijua ni mimi."

"Mama Kulwa! Hii itasomwa na bodi. Watu wananiheshimu hapa mjini."

"Mlezi," mkewe akasema, taratibu kabisa, "andika."

Akaandika. Ilimchukua mpaka adhana ya alasiri. Aliandika habari ya bomba na jembe, Salome, chai ya siku ya mawe, wagonjwa wote wa stesheni, na kila alipofika mahali pa kusema nani alifanya, kalamu ilisita, nami nilisubiri. Nilisoma mwenyewe, kidole kwenye mstari, neno kwa neno, hata ile sentensi niliyoitaka. Ilikuwepo. Hakuwa ameificha katikati ya nyingine.

Akasaini. Akaikunja, akanipa, mkono haukuiachia mara moja.

"Utakuwa unapita kunisalimia?" akauliza. "Siku hizi hakuna anayepita."

Nikaivuta barua, nikaitia kifuani, nikafunga khanga.

"Nitakuwa kazini," nikasema.